Akwariamu ya Samaki wa Dhahabu Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Ambao Samaki Wao Hufa Mapema

Kisa huwa kilekile. Mtu ananunua bakuli la kioo na samaki wawili wa dhahabu Jumamosi, anajaza maji ya bomba, anawatia humo jioni hiyohiyo. Siku mbili tatu nyumba nzima ina furaha. Kufikia Alhamisi maji yana ukungu mweupe na samaki wameanza kupumulia juu. Wiki ya pili haiishi, wamekufa. Anarudi dukani kununua wengine, nao wanakwenda njia hiyohiyo, mpaka anaamini kwamba samaki hawa ni dhaifu.

Samaki wa dhahabu si dhaifu. Akitunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 15, na wapo wanaovuka 20. Kinachomuua ni maji ambayo hayajawa tayari kumpokea. Kwa hiyo mpangilio wa kazi ndio kila kitu: tangi kwanza, maji baadaye, samaki mwisho kabisa, yaani wiki nne hadi sita baada ya tangi kujazwa. Ukiruka hapo, hatua nyingine zote hazitakusaidia.

## Kwanza amua ni samaki gani

Uamuzi huu ndio unaopanga ukubwa wa tangi, kwa hiyo ufanye kabla hujatoa hela.

Kuna makundi mawili. La kwanza ni wenye mwili mrefu na mkia mmoja: wa kawaida, kometi na shubunkini. Hawa wana mbio, na hufikia sentimita 25 hadi 30. Dukani utawaona na urefu wa kidole, lakini ndani ya miaka michache watahitaji bwawa la uani. Kundi la pili ni wenye mwili wa mviringo na mkia wa mapande mawili: oranda, riukini, fantaili, ranchu na wale weusi wenye macho yaliyotokeza. Hawa huishia sentimita 15 hadi 20 na huogelea polepole.

Kwa sebuleni, chukua wawili wa mviringo. Usiwachanganye na wa mbio, maana wenye mbio watamaliza chakula kabla wenzao hawajageuka.

Lipo dai kwamba samaki hukua kulingana na ukubwa wa chombo, hivyo chombo kidogo si tatizo. Ukweli ni kwamba samaki aliyedumaa kwenye bakuli amedumazwa na uchafu wake mwenyewe, na kwa kawaida hufa kabla ya wakati wake.

## Vifaa

Kusanya hivi vyote kabla ya kuanza:

- Tangi la kioo la lita 120 au zaidi kwa samaki wawili. Ongeza lita 40 kwa kila anayezidi. Ujazo unapatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawa kwa 1000. Tangi la 90 × 40 × 45 ni lita 162, na ukilijaza kwa kuacha nafasi juu unabaki na lita 140 hivi.
- Meza ya chuma au ya mbao nene, na karatasi ya sponji ngumu ya kutandika chini ya tangi.
- Filta yenye uwezo wa kuzungusha maji ya tangi lote mara 6 hadi 10 kwa saa. Kwa lita 140, tafuta iliyoandikwa lita 1000 kwa saa. Samaki hawa huchafua sana kuliko umbo lao linavyoonyesha.
- Pampu ya hewa, mpira wake, jiwe la hewa, na vali ndogo ya kuzuia maji yasirudi kwenye pampu.
- Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, kwa siku ya umeme kukatika.
- Kipimajoto.
- Dawa ya kuondoa klorini.
- Vipimo vya maji vya matone: amonia, nitriti, nitrati na pH (kiwango cha ukali wa asidi majini; ikishuka, maji yamekuwa makali). Vile vya karatasi ni rahisi, lakini havisomi vizuri viwango vidogo, na viwango vidogo ndivyo vinavyoua.
- Ndoo mbili mpya ambazo hazijawahi kuguswa na sabuni, mpira wa kunyonyea maji, wavu, na kifuniko.

Kifaa cha kupasha maji joto hakihitajiki. Huyu ni samaki wa maji ya baridi, na kwake joto la kustarehe ni nyuzi 18 hadi 24.

Kama bajeti inabana, punguza urembo. Usipunguze ukubwa wa tangi wala vipimo vya maji.

## Hatua ya 1: Tengeneza tangi na ulijaribu

Fundi wa vioo na aluminiamu wa mtaani kwako anaweza kukutengenezea tangi zuri, na mara nyingi kwa bei nafuu kuliko la dukani. Kwa vipimo nilivyotaja, mwambie kioo cha milimita 8, na mkanda wa kioo juu kwenye pande mbili ndefu ili tangi lisitanuke katikati.

Shida iko kwenye silikoni, gundi ya kuunganishia vioo. Ile ya bafuni huwa na dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Mwombe fundi akuonyeshe kopo kabla hajalifungua. Unataka silikoni safi isiyo na rangi, isiyo na maandishi yoyote yanayohusu kuvu au ukungu, ya aina inayonuka siki wakati inakauka.

Liache wiki moja likauke. Kisha liweke nje mahali tambarare, tandika karatasi kavu chini ya maungio, lijaze maji hadi juu, na uliache saa 48.

Umefanikiwa ikiwa: karatasi ni kavu kote na harufu ya siki imekwisha kabisa.

## Hatua ya 2: Chagua mahali

Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 140, pamoja na kioo chake na changarawe kidogo, linakaribia kilo 180. Likishajazwa halisogezwi tena, na ukijaribu kulisogeza litapasuka.

Weka meza kwenye ukuta imara, mbali na dirisha linaloingiza jua. Jua huleta mwani na hupandisha joto. Tumia pimamaji ya fundi kuhakikisha meza imelala sawa pande zote. Tofauti ya nusu sentimita inatosha kukandamiza kona moja ya kioo. Tandika sponji, kisha weka tangi juu yake.

Soketi isiwe chini ya tangi. Kila waya uning'inie chini kidogo kuliko soketi kabla ya kupanda kuchomekwa, ili tone la maji likitiririka juu ya waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Na kila unapotaka kutia mkono majini, zima swichi kwanza. Wafundishe na watoto hivyo.

## Hatua ya 3: Panga ndani

Osha kila kitu kwa maji matupu. Sabuni hapana, hata kidogo.

Samaki wa dhahabu hutafuta chakula kwa kunyonya mchanga na kuutema, na kijiwe cha ukubwa wa njegere humkwama mdomoni. Tumia mchanga mwembamba uliooshwa vizuri, au mawe makubwa kuliko mdomo wake, au acha kioo kitupu. Kioo kitupu ndicho rahisi kusafisha, na mimi ndicho ninachowashauri wanaoanza.

Makome na matumbawe ya ufukweni yaache hukohuko: yana ncha, na chokaa yake hupandisha pH. Mimea halisi wataila.

Funga filta na jiwe la hewa. Kama mkondo wa filta ni mkali, elekeza mdomo wake ukutani, kwa kuwa samaki wa mviringo huchoka wakisukumwa mchana na usiku.

## Hatua ya 4: Andaa maji

Maji ya bomba yana klorini. Inatufaa sisi kwa sababu inaua vijidudu, lakini huunguza matamvua ya samaki na huua bakteria wazuri tunaowataka. Klorini ya kawaida hutoka yenyewe ukiyaacha maji kwenye chombo wazi saa 24, na haraka zaidi ukiweka jiwe la hewa. Baadhi ya mifumo ya maji hutumia kloramini, ambayo haitoki kwa kuachwa wazi. Kwa vile si rahisi kujua bomba lako lina ipi, dawa ya kuondoa klorini ndiyo njia ya uhakika. Fuata kipimo cha kwenye chupa, na ukihesabu kipimo, hesabu lita halisi za maji unayotia.

Maji ya kisima hayana klorini, lakini yana mambo yake. Kwa wakazi wa pwani, Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, onja kwanza: kama chumvi inasikika ulimini, usiyatumie. Kama ni matamu, yapulize hewa usiku kucha kabla ya kutumia, maana maji yaliyotoka chini ya ardhi mara nyingi huwa na oksijeni kidogo, na pH yake hubadilika yakikutana na hewa. Yapime pH siku ya pili. Kati ya 7 na 8 ni salama.

Maji ya boza yachukulie kama ya bomba. Maji ya mvua peke yake ni mepesi mno. pH yake huyumba kirahisi.

## Hatua ya 5: Komaza maji

Hapa ndipo karibu kila anayeshindwa hushindwa, kwa hiyo soma polepole.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake kila dakika. Chakula kilichobaki na kinyesi navyo vikioza hutoa amonia. Amonia ni sumu. Mtoni au ziwani huchukuliwa na maji mengi. Kwenye tangi haina pa kwenda, na macho hayawezi kuiona. Maji yanayong'aa kabisa yanaweza kuwa yanaua.

Wokovu wake ni bakteria wa aina mbili. Wa kwanza hula amonia na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu: huifanya damu ya samaki ishindwe kubeba oksijeni. Wa pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili kwa kiasi, nawe unaiondoa kwa kubadilisha maji kila wiki. Bakteria hawa huishi juu ya sponji ya filta, na ndiyo maana filta haizimwi. Kuchuja takataka ni kazi yake ya pili. Ya kwanza ni kuwapa bakteria makazi na maji yenye hewa.

Wanapatikana wenyewe, lakini huzaana taratibu. Kuwangoja wawe wengi wa kutosha ndiko kukomaza maji.

Kwetu pwani kuna sababu ya ziada ya kuwa makini. Ukali wa amonia hupanda pamoja na joto na pH. Kwenye maji ya nyuzi 20 yenye pH 7, sehemu iliyo sumu kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye nyuzi 30 na pH 8 inafika karibu asilimia 7. Kiasi kilekile ambacho samaki wa Njombe atakivumilia kinaweza kummaliza samaki wa Temeke.

Namna ya kufanya:

1. Tangi limejaa, klorini imeondolewa, filta na hewa vinafanya kazi saa 24. Samaki hakuna.

2. Leta amonia. Chukua kipande cha kamba mbichi, ukubwa wa kidole gumba, kifunge kwenye kitambaa chepesi na ukining'inize majini. Kitaoza na kutoa amonia. Harufu itakuwepo, funika tangi. Asiyetaka kamba atie chakula cha samaki, kibano kimoja cha vidole kila siku.

3. Pima amonia kila baada ya siku mbili. Ikifika miligramu 2 hadi 3 kwa lita, toa kamba, kisha endelea na kibano kidogo cha chakula kila siku ili bakteria wasife njaa.

4. Baada ya wiki moja au mbili amonia itaanza kushuka na nitriti itapanda, pengine hadi mwisho wa kipimo. Usiogope. Maana yake bakteria wa kwanza wamefika.

5. Nitriti itakaa juu muda mrefu. Hiki ndicho kipindi cha kukata tamaa, maana kwa siku nyingi utapima na kuona rangi ileile. Ngoja tu. Siku moja itaanza kuanguka, na ikianza huanguka haraka, huku nitrati ikipanda.

6. Endelea kutia chakula kama vile samaki wawili wamo. Kama kwa siku tano mfululizo amonia ni 0 na nitriti ni 0, maji yamekomaa.

Wakati huu wote usioshe sponji na usizime filta. Ukiona ukungu mweupe, ni bakteria wengine wanaozaana majini, utaondoka wenyewe. Ukiona pH imeshuka chini ya 6.5, badilisha theluthi ya maji, maana kwenye maji makali hivyo bakteria hupunguza kazi.

Njia ya mkato iliyo halali ni moja: omba kipande cha sponji iliyotumika kutoka kwa mtu mwenye akwariamu yenye afya, kisafirishe kikiwa kimelowa, na ukiweke ndani ya filta yako siku hiyohiyo. Hii inaweza kupunguza muda hadi wiki moja au mbili. Bakteria wa chupa wanaouzwa dukani wakati mwingine husaidia, wakati mwingine hawaleti tofauti yoyote. Vyovyote vile, kipimo ndicho kinachosema umemaliza; kalenda haisemi.

Umefanikiwa ikiwa: amonia 0, nitriti 0, na nitrati inaonekana. Badilisha robo tatu ya maji kupunguza nitrati, kisha kalete samaki ndani ya siku moja au mbili.

### Na kama samaki wameshaingia?

Wengi mnasoma haya samaki wakiwa tayari majini. Msiwarudishe, msiwatupe. Pima amonia na nitriti kila siku. Kimojawapo kikifika 0.5, badilisha nusu ya maji siku hiyohiyo, kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto sawa. Lisha kidogo sana, siku moja ndiyo na siku moja hapana. Nitriti ikionekana, tia gramu 1 ya chumvi kwa kila lita, ukiiyeyusha kwanza kwenye ndoo. Chumvi huzuia nitriti isiingie kwenye damu. Itakuwa kazi ya kila siku kwa zaidi ya mwezi, lakini samaki wengi huokolewa hivyo.

## Hatua ya 6: Chagua samaki na uwazoeshe

Dukani, usiangalie rangi kwanza. Angalia tangi lote. Kama kuna maiti hata mmoja, au samaki wamekaa chini wamebana mapezi, ondoka. Unayemtaka anaogelea akiwa sawa, mapezi yamefunguka, macho ni maangavu, hana alama nyeupe, na anakuja mbele akikuona. Chukua wadogo wawili wanaolingana.

Kama una beseni kubwa au tangi la akiba lenye hewa na kipande cha sponji iliyokomaa, wakae humo wiki mbili hadi nne kabla ya kuingia tangi kuu. Kwa wanaoanza na tangi lisilo na samaki, hili si lazima. Kwa anayeongeza mpya kwa wa zamani, ni lazima, maana mgeni mmoja anaweza kuwaambukiza wote.

Nyumbani, zima taa. Elesha mfuko juu ya maji dakika 15 ili joto lilingane. Kisha fungua na utie nusu kikombe cha maji ya tangi kila baada ya dakika tano, kwa nusu saa. Mwishowe wachote kwa wavu na uwatie. Maji ya mfuko yamwage nje, yana uchafu na pengine vimelea vya dukani.

Usiwape chakula siku ya kwanza. Kujificha kwa saa kadhaa ni kawaida.

## Hatua ya 7: Kulisha

Samaki wa dhahabu hana tumbo la kuhifadhi chakula. Kinapita moja kwa moja kwenye utumbo. Hivyo anaonekana ana njaa daima, na atakufuata kwenye kioo akiomba hata kama amekula sasa hivi. Usimhurumie kwa chakula.

Mpe mara mbili kwa siku, kiasi anachokimaliza ndani ya dakika mbili. Chakula cha punje kinachozama ni salama zaidi kwa samaki wa mviringo kuliko kinachoelea, maana hamezi hewa akikifuata juu. Loweka punje dakika chache kabla ya kumpa.

Mara mbili kwa wiki mpe mboga: mchicha uliochemshwa ukalainika, au njegere zilizochemshwa na kumenywa ganda. Mkate, ugali na wali hapana. Vinachafua maji na vinamvimbisha. Siku moja katika wiki asile kabisa.

## Hatua ya 8: Kazi ya kila wiki

Chagua siku moja na usiiache. Kwa tangi la lita 140 ni kazi ya dakika 40 hivi.

Zima umeme. Nyonya maji kwa mpira ukipitia chini penye kinyesi, hadi umetoa asilimia 30, yaani ndoo mbili za lita 20. Kama sponji ya filta imeziba, ikamue ndani ya ndoo hiyo ya maji machafu uliyoyatoa. Usiioshe bombani kamwe, klorini itaua bakteria uliowangoja mwezi mzima, na utarudi mwanzo huku samaki wakiwa ndani. Tia maji mapya yaliyotayarishwa, yenye joto karibu sawa na la tangi. Washa, na uhakikishe filta imeanza kusukuma.

Pima nitrati kila baada ya wiki mbili. Ikizidi 40, ongeza kiasi cha maji unayobadilisha. Kuongezea maji yaliyopungua kwa mvuke hakuhesabiki: kinachopaa ni maji matupu, uchafu unabaki.

## Joto na umeme kukatika

Vitabu vingi vya akwariamu vimeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, kwa hiyo havigusi matatizo mawili yanayotusumbua sisi.

La kwanza ni joto. Dar, Mombasa na Unguja kati ya Januari na Machi, maji ya sebuleni hufika nyuzi 29 au 30 kwa urahisi. Samaki huvumilia, lakini maji ya moto hubeba hewa kidogo: kwenye nyuzi 20 maji hushika oksijeni karibu miligramu 9 kwa lita, kwenye nyuzi 30 ni 7.5 tu, na wakati huohuo mwili wa samaki unataka zaidi. Kwa hiyo pampu ya hewa ifanye kazi saa 24. Toa kifuniko, weka wavu badala yake, na elekeza feni ndogo ipulize juu ya maji. Mvuke ukipaa maji hushuka nyuzi 2 hadi 4. Chupa ya maji yaliyoganda inaweza kusaidia saa moja ya shida, lakini usitie nyingi kwa mpigo, maana kushuka ghafla ni hatari kuliko joto lenyewe. Mwenye chumba chenye vigae kisichopigwa na jua la mchana aweke tangi humo.

Kwa wa Iringa, Mbeya, Arusha au Nairobi, hali ya hewa ni ya samaki huyu hasa. Usiku wa Julai maji yakishuka hadi nyuzi 14 au 15 hula kidogo, na wewe mpunguzie chakula.

La pili ni umeme. Ukikatika, washa pampu ya betri mara moja na uache kulisha. Kama huna, chota maji kwa jagi na uyamwage tena kutoka juu, dakika tano kila nusu saa. Inachosha lakini inaokoa. Filta ya kopo lililofungwa ina hatari yake: bakteria ndani hukosa hewa ndani ya saa chache, hufa na kuoza. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, usiiwashe hivyohivyo. Ifungue, mwaga maji yake, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Filta ya sponji inayoendeshwa na hewa haina tatizo hili, na mahali ambapo umeme ni wa kukatikakatika ndiyo ningeichagua, au ningekuwa nazo zote mbili.

## Dalili na la kufanya

Anapumulia juu. Pima amonia na nitriti kabla ya kufikiria ugonjwa. Badilisha nusu ya maji, ongeza hewa.

Punje nyeupe kama chumvi mwilini, anajisugua. Ni kimelea cha madoa meupe. Kwenye maji ya joto huzaana kwa kasi, kwa hiyo usingoje. Tia chumvi isiyochanganywa na kitu kingine, gramu 1 kwa lita kila baada ya saa 12, mara tatu, kufikia gramu 3. Iyeyushe kwanza. Iache wiki mbili, ukirudishia chumvi kwa kila maji unayobadilisha, hata kama madoa yametoweka siku ya tano, maana kimelea bado kiko majini.

Anaelea ubavu au kichwa chini. Mara nyingi amevimbiwa. Siku mbili bila chakula, kisha njegere zilizomenywa.

Mishipa myekundu kwenye mkia. Maji mabaya, mara nyingi amonia au nitriti. Pima, badilisha.

Maji ya kijani. Hayamdhuru samaki. Punguza mwanga na chakula.

Usikimbilie dawa ya rangi ya dukani kabla ya kupima maji. Dawa nyingi huua na bakteria wa filta, na hapo unakuwa na matatizo mawili.

## Ukisafiri

Samaki mzima mwenye afya hukaa wiki nzima bila kula. Badilisha maji siku moja kabla ya kuondoka, hakikisha filta inasukuma vizuri, na mwachie jirani namba yako na pampu ya betri. Mwambie akague umeme tu. Kama utakaa zaidi ya wiki, funga chakula kwenye vikaratasi, kila kimoja kiasi cha siku moja, na kopo la chakula ulifungie kabatini, kwa kuwa asiyezoea samaki humlisha kila anapomwona anaomba.

Na kama siku moja huwezi tena kuwatunza, mpe mwenye tangi au bwawa, au warudishe dukani. Usiwamwage mtoni wala ziwani: huzaana, huchimba matope na kula mayai ya samaki wetu.